Saa Moja na Dakika Ishirini

Hesabu nilikuja nazo kichwani
kama mdaiwa anayekwenda kuomba asongezewe siku:
kwa barabara, kilomita elfu moja na mia na ushei,
Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega,
usiku kucha goti linagombana na kiti cha mbele.
Kwa anga, mia nane na hamsini, pungufu kidogo.
Kwa saa, moja na dakika ishirini.

Chai waliyonipa ilikuwa bado inaunguza ulimi
tulipoambiwa tufunge mikanda.
Nikachungulia. Ziwa.
Limekaa tu, halina haraka na mtu,
na majabali ya Mwanza yamebebana
jiwe juu ya jiwe, mgongo juu ya mgongo,
yakinitazama ninavyoshuka.

Pikipiki mpaka Igombe, robo saa.
Hiyo sikuwa nimeihesabu.

Mama alikuwa ameinama juu ya wavu
anatandaza dagaa kwa kiganja, taratibu,
kama anayelainisha shuka la mgeni.
"Umetoka huko lini?"
"Leo."
"Leo hii?"
"Leo, mama. Saa moja nilikuwa uwanjani Dar."
Nikaanza kumfundisha:
mwendo wa ndege, urefu wa kwenda juu,
namna mawingu yanavyokuwa chini yako,
namna dunia siku hizi ilivyokuwa ndogo.
Nilisema mengi. Jua likapanda kidogo.
Yeye akafika mwisho wa wavu, akarudi.

"Mayunga," akasema, macho kwenye dagaa,
"ile yenye mkia wa bluu?
Ile naijua.
Huondoka nikianza kuanika,
hupita hapa, bati linatetemeka, kuku wanakimbilia uvunguni.
Inakwenda huko kwako.
Inashusha watu, inapakia watu, inageuka.
Mchana ikirudi
dagaa wangu hawajakauka upande wa pili.
Wewe unaniambia habari za mawingu?"

Miaka sita.
Kila mwisho wa mwezi nilimtumia fedha kwa simu
na nyuma ya fedha neno moja: *mbali*.
Mama, ni mbali. Mama, kazi. Mama, unajua tena huku mbali.
Alikuwa ananiitikia, "Haya, mwanangu,"
na juu ya kichwa chake, pale pale, siku ile ile,
umbali wenyewe unapita na mkia wake wa bluu,
unakwenda na kurudi kama mtoto aliyetumwa chumvi.

Leo asubuhi walilipima begi langu kwenye mizani,
kilo kumi na tano, wakasema sawa, pita.
Lile neno hakuna aliyelipima.

"Baba yako," akasema, sasa kwa sauti ya chini,
"treni ilimla siku mbili na usiku wake.
Anafika ana vumbi la Tabora masikioni,
namwogesha kama mtoto.
Na hakuna mwaka aliokosa.
Mimi nilidhani njia ikifupishwa
watu watafika zaidi."

Sikuwa na tarakimu ya kumjibu.

Ndipo bati likaanza.
Kwanza msumari mmoja uliolegea, kisha bati zima,
kisha kuku, kisha mtoto wa jirani, Ng'hoboko,
akatoka mbio anapunga mikono yote miwili:
ile ile niliyoshuka nayo
imeshajaza watu wengine, inarudi Dar.
Mimi niliinua uso, nikaifuata mpaka ikawa nukta,
mpaka shingo ikauma,
na nikaijua shingo ya mama ya miaka sita.

Yeye hakuinua.
Alikuwa anaokota jani lililodondokea dagaa.
"Sogeza kiatu," akasema.
"Umenikanyagia wavu.
Kisha vua hiyo suruali ya safari uje ushike upande ule.
Huu ukimalizika kabla ya saa nne
tutakunywa uji."